Sista, moyo wangu umegawanyika. Naweza kumwitikia Mungu?

Majibu ya Sista kwa wasomaji

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Sista. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Mbinga, nina miaka 26. Tangu kidato cha tatu nimekuwa nikivutwa na maisha ya utawa. Nilijaribu kusahau, nikaenda chuo, nikapata ajira, lakini hamu ile hairudi nyuma. Baba alishafariki na mimi ndiye mtoto wa kwanza. Mama ana shamba dogo la kahawa, na mshahara wangu ndio unaomsomesha mdogo wangu aliyeko chuo. Bado nadaiwa mkopo wa elimu ya juu. Halafu kuna kijana, Mkatoliki mwenzangu, mtu mwema kabisa. Wazee wake walileta barua ya posa mwezi wa kwanza, na sijajibu ndiyo wala hapana. Mama anasema nikienda konventi nitakuwa nimemzika kabla ya siku yake. Jumapili ya Mchungaji Mwema, siku ya kuombea miito, padri alihubiri kwamba Mungu hapokei nusu ya moyo. Tangu siku hiyo sina raha, maana moyo wangu si nusu, ni vipande. Je, niende tu konventi na mengine nimwachie Mungu, au nisubiri mpaka moyo utulie? (Mwalimu, Mbinga)

JIBU: Milele na milele, amina. Mwanangu, nianzie pale ulipoishia. Usiende konventi kwa kukimbia, na wala usisubiri moyo utulie wenyewe, kwa sababu hautatulia. Kuna mambo hapo yanayokungoja wewe uyaseme kwa mdomo wako, na mpaka uyaseme utaendelea kuzunguka palepale ukidhani unasali juu ya wito.

Padri yule alisema kweli, ila nadhani umeisikia vibaya. Kuogopa siyo nusu ya moyo. Bikira Maria alipopashwa habari aliuliza kwanza, “Litakuwaje neno hili?” Malaika hakumkemea. Alimjibu, na baada ya jibu ndipo akasema, “Mimi ni mjakazi wa Bwana.” Machozi ya kumwacha mama nayo si nusu ya moyo. Teresa wa Avila, mwalimu mkubwa wa sala katika Kanisa, ameandika kwamba siku aliyotoka nyumbani kwa baba yake kwenda monasterini, mwaka 1535, alisikia kama mifupa yake inaachana. Akaenda hivyohivyo. Nusu ya moyo ni kile unachokificha, au unachokiweka pembeni ili kama Mungu hatakupendeza uwe na pa kurudi.

Kwa hiyo naanza na huyo kijana, kwa sababu umemtaja kwa maneno machache kuliko wote, na mimi naona ndipo penye fundo. Barua ya posa imekaa kwenu tangu mwezi wa kwanza. Wazee wake wanangoja, mshenga anangoja, yeye mwenyewe anapita mbele ya watu akiwa mtu aliyeposa mahali na hajui amekubaliwa au amekataliwa. Mwanangu, huwezi kumweka mtoto wa watu akiba. Hata kama kesho utakuja kugundua kwamba wito wako ni ndoa, yeye anastahili mwanamke aliyemchagua, si mwanamke aliyebaki kwake baada ya kukosa konventi. Mwite, au mtume mtu mzima anayefaa kwa desturi zenu, mweleze kwamba unatafuta mapenzi ya Mungu juu ya utawa na kwamba humfungi kukungoja. Itaumiza. Lakini siku utakapopiga magoti kusali baada ya hapo, utasali ukiwa na jambo moja mbele yako.

Sasa mama. Nimefanya kazi ya ulezi wa miito, yaani kuwasindikiza wanaojisikia kuitwa utawani, kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya kazi ile haifanyiki konventi; inafanyika kwenye nyumba za watu. Nakumbuka mama mmoja huko huko Ruvuma. Tulifika, tukakaribishwa viti, yeye hakukaa. Alikuwa anapukuchua mahindi, na kila gunzi alilomaliza alilirusha kwenye tenga kwa nguvu, bila kunitazama. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni amejikunyata. Nikaeleza habari za shirika, za malezi, za shule. Magunzi yakaendelea kulia kwenye tenga. Mwisho akaacha, akafuta mikono kwenye kanga, akaniuliza swali moja tu: “Akifa huko kwenu, atazikwa wapi?” Nikamwambia atazikwa makaburi ya masista, kati ya dada zake, na mama na ndugu wataitwa, na kila mwaka ataombewa kwa jina. Akauliza tena kama anaruhusiwa kuja kumwona akiwa hai. Nikamwambia anaruhusiwa. Ndipo akakaa.

Nakusimulia hili kwa sababu mama yako amekwambia “utanizika kabla ya siku yangu,” na wewe umesikia habari ya mshahara. Huenda ni mshahara kweli, na hana kosa kuuwaza. Lakini mama mjane akiona mtoto wake wa kwanza anaondoka, mara nyingi swali lake ni kama bado atakuwa na mtoto. Muulize. Kaa naye shambani wakati wa kuchuma kahawa, usimhubirie, muulize anaogopa nini hasa. Mwombe mlezi wa miito wa shirika unalolifikiria aje nyumbani ale ugali wa mama yako. Shirika lisilotaka kuijua familia yako, mimi lingenitia wasiwasi.

Na kuhusu hela nakuomba umwambie ukweli mtupu. Mtawa anachokipata kwa kazi yake ni cha shirika. Ndivyo Sheria za Kanisa zinavyosema, kanuni ya 668. Shirika kwa upande wake linapaswa kumpatia mtawa mahitaji yake. Wapo mabinti waliowaahidi wazazi kwamba “nikishakuwa sista nitawasaidia zaidi.” Ahadi hiyo ni ya uongo, na inakuja kumtesa sista mwenyewe, kila simu ya nyumbani ni deni. Mama yako ajue mapema kwamba mshahara huo hautakuwepo.

Hapo utaniuliza: basi nimwache na njaa kwa ajili ya Mungu? Hapana. Soma Marko sura ya saba, aya ya 9 hadi 13. Bwana wetu aliwakemea vikali watu waliosema mali yao ni Korbani, yaani imetolewa kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama zao. Hakuna utakatifu katika kumfunika mzazi na jina la Mungu. Lakini soma pia Luka 9:61-62, mtu aliyetaka kwanza kwenda kuaga nyumbani, naye Yesu akamwambia atiaye mkono kulima kisha akaangalia nyuma hafai kwa ufalme wa Mungu. Maneno haya mawili yote ni ya Bwana yuleyule. Usichague moja ukaacha jingine.

Mimi ninapokwama kati ya hayo mawili huwa naenda kwa Elisha, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya anamkuta shambani analima, jozi kumi na mbili za ng’ombe mbele yake, naye yuko na ile ya kumi na mbili. Nyumba yenye ng’ombe ishirini na nne si nyumba ya maskini. Kijana huyu alikuwa na cha kupoteza. Eliya anamtupia vazi lake. Elisha anaomba akawabusu baba na mama yake, na anaenda. Lakini tazama anachofanya akirudi. Anachukua ile jozi aliyokuwa akilima nayo, anaichinja, na kuni za kupikia nyama ile ni miti ya jembe na nira. Anawalisha watu, kisha anaondoka. Ameaga vizuri kabisa, kwa karamu, jirani wote wameona. Na jembe limeshakuwa majivu. Asubuhi yake hata angetamani kurudi kulima, angelima na nini?

Kuaga namna hiyo ndiko ninakokutakia. Kwako maana yake inaweza kuwa hivi: mdogo wako amebakiza muda gani chuoni? Kama ni mwaka mmoja au miwili, zungumza na mlezi wa miito, mmalizie ada huku mkiwa mmeanza kufahamiana. Panga na ndugu wengine, shangazi, baba wadogo, nani atamtazama mama. Andika tarehe. Nasema andika tarehe, kwa sababu kusubiri kusiko na tarehe ni kukataa kwa adabu. Mdogo wa kwanza akimaliza atakuja wa pili, kisha nyumba ya mama itataka bati, na wewe utakuwa na miaka arobaini unaimba kwaya na kulia kila Jumapili ya Mchungaji Mwema.

Deni la mkopo litaje siku ya kwanza. Kanuni ya 644 inawazuia wakuu wa mashirika kumpokea mtu mwenye madeni asiyoweza kuyalipa. Mashirika hayafanani katika jambo hili. Mengine yatakuambia ulipe kwanza. Uliza, upange mapema, na usikubali shauri la mtu yeyote la kunyamaza. Kanuni ya 643 inasema mtu anayeingia unovisi, yaani muda wa malezi kabla ya nadhiri, kwa kushurutishwa, kwa hofu kubwa au kwa udanganyifu, kupokelewa kwake si halali. Na kanuni ya 219 inamlinda kila Mkristo asilazimishwe katika kuchagua hali ya maisha. Kulazimishwa huko ni kwa pande zote: mama asikulazimishe kuolewa, na padri asikulazimishe kuwa sista.

Bado hatujagusa swali la msingi, kama kweli unaitwa. Hilo mimi siwezi kukujibu kwa barua, wala wewe huwezi kujijibu peke yako. Lakini ipo njia moja ya kuchunguza ambayo naiamini, ya Inyasi wa Loyola. Alikuwa askari, akavunjwa mguu na risasi ya mzinga huko Pamplona mwaka 1521. Akiwa kitandani muda mrefu, mara aliwaza sifa za vita na mabibi wa ikulu, mara aliwaza maisha ya watakatifu. Vyote viwili vilimfurahisha alipokuwa akiviwaza. Tofauti aliiona baadaye: mawazo ya kwanza yakipita yalimwacha mkavu, ya pili yalimwacha na furaha iliyobaki. Fanya hivyo nawe kwa wiki kadhaa. Usiangalie unavyojisikia wakati kwaya inaimba kwenye nadhiri za masista, vigelegele vimejaa na shela mpya zinang’aa. Angalia kinachobaki Jumanne jioni ukisahihisha madaftari. Iwazie ndoa na kijana yule kwa uaminifu, kisha uone inakuachaje. Wazia utawa, kisha uone unakuachaje. Mweleze padri anayekuungamisha au sista mmoja mzoefu, mtu mmoja tu; ukiwaeleza kumi utapata vichwa kumi. Na shauri jingine la Inyasi: wakati wa giza na ukavu usibadilishe uamuzi ulioufanya wakati wa mwanga.

Kisha nenda ukaone. Likizo ya Juni omba ukae konventi siku chache. Kengele ni saa kumi na moja alfajiri, wengine mapema zaidi. Kuna tafakari, Masifu ya Asubuhi, Misa, chai, halafu kazi. Wengi hawakutarajia ile kazi. Banda la nguruwe linasafishwa na masista, mahindi yanapaliliwa na masista, na yule sista mzee anayeita usiku mara tatu anataka kugeuzwa kitandani. Mabinti wengine waliotokea vyuoni nimewaona wakishika koleo bandani kwa ncha za vidole. Baadhi yao leo ni masista hodari sana. Tazama pia jinsi wanavyosemeshana mezani. Utaishi na watu hao, si na picha ya Mtakatifu Theresia iliyoko ukutani.

Jambo la mwisho kwako. Kanisa lenyewe haliombi moyo wote kwa siku moja. Kabla ya unovisi kuna muda wa kuandaliwa. Unovisi ni miezi 12 isiyopungua, na mnovisi ni huru kuondoka. Nadhiri za kwanza ni za muda, kwa kawaida miaka isiyopungua mitatu wala kuzidi sita, ndipo zinakuja za daima. Miaka yote hiyo ni ya kuuliza na kuulizwa. Ukitoka katikati kwa dhamiri safi hujamwibia Mungu kitu. Na ukikuta kwamba njia yako ni ndoa, uingie huko pia bila kuacha mguu nje.

Nitakuombea wewe na mama yako. Na kijana huyo pia.

SWALI: Mimi ni fundi seremala, katekista wa kigango, nina mke na watoto watano. Nilianza seminari ndogo nikarudishwa nyumbani kwa ajili ya alama. Wenzangu wawili wa darasa ni mapadri. Nikihudhuria upadrisho moyo unaniuma, najiona mimi ni mabaki. Kigangoni kwetu padri anafika mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine naongoza ibada mimi, na majeneza ya wanajumuiya wasio na uwezo huwa natengeneza bila malipo. Je, Mungu ana wito gani kwa sisi tulioshindwa? (Fundi, Geita)

JIBU: Ndugu yangu katekista, neno “mabaki” naomba uliondoe kinywani mwako, na watoto wako wasilisikie kamwe.

Unawafahamu mashahidi wa Uganda kwa picha: vijana wa ikulu, Karoli Lwanga na Kizito. Lakini kati ya wale Wakatoliki 22 yuko Matias Mulumba Kalemba, mtu mzima, mwenye mke na watoto, msaidizi wa chifu. Alibatizwa mwaka 1882. Mwezi Novemba mwaka uleule wamisionari wakaondoka Buganda, hawakurudi mpaka 1885. Karibu miaka mitatu bila padri, bila Misa. Nani alifundisha? Mulumba kule Mityana, pamoja na Noe Mawaggali aliyekuwa mfinyanzi. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa kabaka, mfalme wa Buganda. Yosefu Mukasa ndani ya ikulu. Wamisionari waliporudi walikuta Kanisa liko hai na limeongezeka. Mulumba aliuawa mwaka 1886 juu ya kilima cha Kampala, akakatwa viungo na kuachwa huko mpaka akafa. Mama Kanisa alimtangaza mtakatifu mwaka 1964, siku moja na Lwanga, kwa ibada moja. Hakuwekwa safu ya nyuma kwa sababu alikuwa na mke.

Mwaka uleule Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, ulifundisha wazi kwamba waamini wote, wa hali yoyote, wanaitwa kwenye utimilifu wa utakatifu. Wote. Na kama unataka ndugu wa kushika mkono katika uchungu wako, mchukue Luigi Martin wa Ufaransa. Alitaka kuwa mmonaki, akaambiwa hajui Kilatini. Mkewe Zelia naye alikataliwa na masista. Wakaoana, wakapata watoto tisa, wakazika wanne, na mmoja wa waliobaki ni Theresia wa Mtoto Yesu. Wote wawili, mume na mke, walitangazwa watakatifu siku moja, mwaka 2015.

Wewe unaongoza ibada pasipo padri na unawazika maskini katika mbao ulizopiga randa mwenyewe. Umelitaja jeneza kama jambo dogo la kupitisha. Katika barua yako yote mimi nimesimama hapo. Mtu anayelala kwenye jeneza lako hana cha kukulipa, na jamaa zake hawana. Hiyo ni huduma aliyopewa Bwana wetu na Yosefu wa Arimataya.

Nikuulize moja tu, kwa upendo. Mkeo anasemaje kuhusu jioni zote unazokuwa kigangoni? Umeandika kwamba una mke, hujaandika neno lake hata moja. Uliitwa kwake altareni, mbele ya Kanisa, kabla ya kuitwa ukatekista. Mketi, mpange siku ambazo hutoki. Na upadrisho unaofuata nenda naye.

SWALI: Sista, binti yangu yuko kidato cha pili na anataka kuingia utawani mwakani. Umri unaruhusu? Na zinahitajika karatasi gani? (Mama, Kahama)

JIBU: Mama, kwa unovisi Kanisa linataka awe ametimiza miaka 17, na nadhiri za kwanza miaka 18. Mashirika mengi ya kwetu yatataka kwanza amalize kidato cha nne. Yapo yenye shule za aspiranti, yaani wasichana wanaofikiria utawa, zinazopokea wadogo. Huko anasoma kama mwanafunzi mwingine, na akimaliza yuko huru kwenda popote. Mwache asome, aendelee na jumuiya na chama cha watoto cha Utoto Mtakatifu au vijana wenzake, na wewe usimtangaze mtaani kuwa ni sista. Mtoto akishaitwa “sista” na kijiji kizima anapata shida kusema amebadili mawazo.

Karatasi ni cheti cha ubatizo, cha kipaimara, uthibitisho kwamba hana kifungo cha ndoa, vyeti vya shule, mara nyingi cha daktari, na barua ya paroko. Cheti cha ubatizo kiombwe upya kutoka parokia alikobatizwa, kwa sababu katika kitabu kile ndimo huandikwa pia kipaimara, ndoa na nadhiri. Kama alibatizwa mbali, andikeni barua mapema. Vitabu vya zamani huchukua muda kutafutwa, na ofisi nyingi za parokia hufunguliwa siku chache kwa wiki.